Fundi Aliyeitwa Mengineyo

Tak.

Mlio mdogo tu, kama wa mtu anayevunja kijiti kikavu kwa vidole viwili. Wengi waliokuwa ukumbini siku ile hawakuusikia, na waliousikia walishausahau kabla hawajafika makwao. Fundi ameishi nao mpaka leo. Anaweza kuwa anachemsha chai, au anafunga kamba za viatu, au amesimama dirishani anatazama mvua, mara tak, na ulimi unamwia mzito kinywani.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alisimama mbele ya kamati ya mtaa, amevaa sketi ya kuazima, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga abebe. Akasema, "Viti hivi kila mkutano tunavipanga sisi vijana, halafu sisi wenyewe tunasimama nyuma, ukutani. Tunachoomba ni..."

Mwenyekiti akavua miwani yake, akailaza mezani taratibu.

Tak.

Midomo ya msichana iliendelea kwenda kidogo, haina sauti, na hilo ndilo lililowachekesha watu. Akageuka kutazama kulikokuwa na mitambo. Kidole gumba kilikuwa bado juu ya swichi. Kilikuwa kidole cha baba yake.

Baba ndiye aliyekuwa fundi wa vipaza sauti wa mtaa ule: mikutano, harusi, misiba, kote aliitwa yeye. Na makubaliano yake na Mwenyekiti hayakuwa na maandishi wala mashahidi. Miwani ikivuliwa, sauti ikatwe. Jioni ile, mezani, baba alichukua kipande cha nyama kilichokuwa chake akakitia kwenye sahani ya binti yake. "Ile ni kazi, mwanangu," alisema, akiiambia sahani. Binti akakila. Basi, ikawa hivyo. Hawakulizungumza tena, si kwa wema si kwa ubaya, mpaka baba alipougua, mpaka alipozikwa, mpaka mitambo ikabaki kwake yeye kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumrithi.

Duka ni lile lile: chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ndefu iliyojaa spika zilizofunguliwa matumbo, harufu ya risasi ya kulehemu, na nyuma ya pazia kitanda, jiko, na kikombe kimoja. Vikombe vilikuwa vingi zamani. Kimoja kilivunjika, viwili viliazimwa, na kilichobaki kikawa kinamtosha.

Lakini hakuacha kusema. Mwezi hata mwezi alirudi ukumbini, akiwa na vijana wenzake wawili watatu, kuomba mambo yaliyokuwa wazi kama mchana: kwamba vijana nao wana haki katika mtaa wanaouishi, kwamba wasiwe watu wa kupanga viti na kufagia tu, kwamba wapewe nafasi kwenye kamati. Hawakufukuzwa. Waliwekwa mwisho. Kila ajenda ya mkutano ina mkia wake, unaoitwa mengineyo, na humo ndimo mnamotupwa mambo yasiyo na mwenyewe: mbwa anayebweka, mfereji ulioziba, na vijana. Inapofika hapo, nusu ya wajumbe wameshaaga na nusu nyingine wanatafuta viatu kwa miguu chini ya meza.

Ndipo watu wakampa jina. "Mengineyo huyo anapita!" Watoto wakalidaka, wauza maduka wakalidaka, hata daktari wa meno wa pale njiapanda, alipomwita aje kumtengenezea redio, aliuliza, "Ndiye wewe Fundi Mengineyo?" Akajibu kwamba ndiye. Angefanyaje?

Vijana wenyewe walijifunza utaratibu huo mpaka ukawa desturi. Kuna kanuni pale mtaani, iliyozaliwa baada ya ugomvi wa zamani, kwamba jambo lolote linaloamuliwa na kamati lazima lisikike nje. Kwa hiyo juu ya paa la ukumbi imefungwa spika yenye mdomo mpana, na mkutano ukianza mtaa mzima unausikia, utake usitake. Vijana wakawa hawana haja ya kukaa ukumbini asubuhi nzima kusikiliza taarifa za Katibu. Waliendelea na shughuli zao, huyu ananyoa, yule anashona viatu, masikio yakisubiri neno moja tu. Paa likisema "mengineyo," wanafunga kazi, wanakwenda.

Miaka ikaenda. Mwisho kamati ilichoka, au iliona haya, ikawapa vijana viti viwili. Viti bila kura, lakini viti. Kimoja akakaa yeye. Siku zilipoandikwa kanuni za viti vile alisimama mwenyewe akapendekeza kikomo cha umri, miaka thelathini na mitano, "ili msije mkatuletea babu mwenye mvi mkasema ni kijana." Wazee wakacheka mpaka wakakohoa.

"Na wewe utafika huko, Mengineyo," Mwenyekiti akamtania.

"Nikifika mtanitoa."

Walimtoa. Asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa simu ililia akiwa bado kitandani. Alitabasamu kabla hajaifungua, akidhani ni pongezi. Ilikuwa taarifa fupi kutoka kundi la vijana wa mtaa, kundi alilolianzisha yeye: ameondolewa. Hapakuwa na ubaya wowote. Umri umefika, kanuni ni kanuni, tena ni yake. Alikaa kitandani ameishika simu ile mpaka kioo chake kikazimika.

Wiki ile ile aliyechaguliwa kukalia kiti chake alikuja dukani kuchukua funguo za kabati la vijana. Huyo ni Binti Kinyozi. Baba yake ana duka la kinyozi pale karibu na ukumbi, na yeye ndiye anayeshika mashine siku hizi, maana mkono wa mzee unatetemeka. Ni msichana mrefu, mwepesi wa maneno, anayeweza kumnyoa mtu ndevu na kumsema wakati huo huo. Tangu utotoni alikuwa akimwita fundi Dada. Siku hiyo akasimama mlangoni akasema, "Shangazi, umefanya mengi. Sasa pumzika, tuachie."

Fundi akampa funguo. Alipoondoka, alisema neno hilo peke yake, shangazi, kulijaribu, kama mtu anayejaribu kofia ambayo hajaomba kuvishwa.

Kabla ya kutoka kwenye kiti alikuwa ameacha ombi moja la mwisho: hoja ya vijana isiwekwe tena kwenye mengineyo. Iwe ya kwanza. Katibu aliandika, na fundi akasahau.

*

Kanuni za kamati hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Mwaka ule hoja ya vijana ilikuwa moja, kubwa: vile viti viwili vipewe kura. Kila mtu alijua kwamba ikipita, imepita; na isipotolewa siku ile na wenyewe, inaanguka, inasubiri mwaka mwingine, na mwaka mwingine nani ajuaye.

Fundi alifika ukumbini asubuhi, akavuta waya zake, akapanda juu kuangalia spika ya paa, akashuka. Viti vilikuwa vimepangwa na vijana tangu jana mchana. "Moja, mbili. Moja, mbili," akasema kwenye kipaza sauti. Ndilo neno pekee alilokuwa na haki nalo ukumbini tangu umri ulipompita. Fundi hachangii.

Ndipo akaiona karatasi iliyobandikwa mlangoni pa Katibu. Ajenda ya kwanza, baada ya kufungua kikao: hoja ya vijana.

Akaisoma mara mbili.

"Katibu, hii mmewaambia?"

Katibu, mtu wa suti na leso ya kufutia jasho, alitabasamu kwa fahari ya mtu aliyetimiza ahadi. "Tumebandika tangu jana jioni. Si wewe mwenyewe uliyelia miaka nenda miaka rudi kwamba mnawekwa mwisho? Leo wa kwanza."

"Lakini wamezoea kuja mwisho."

"Sasa hapo, Mengineyo, mimi nifanye nini? Mkiwekwa mwisho, kelele. Mkiwekwa mwanzo, kelele."

Akatoka uani, akampigia Binti Kinyozi. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Jumamosi duka la kinyozi hujaa, na mashine ikinguruma simu haisikiki. Au labda aliiona, akaona jina, akaiacha iite. Fundi hakutaka kulifuata wazo hilo mpaka mwisho wake. Alipiga tena, ikawa vile vile, na ndani Mwenyekiti alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti kwa namna yake ya kufungua kikao.

Akarudi kwenye mitambo. Ukumbi ulikuwa umejaa, na nyuma, ukutani, hapakuwa na kijana hata mmoja.

Mwenyekiti anaipenda sauti yake. Anapenda inavyotoka mdomoni, inavyogonga ukuta wa nyuma, inavyomrudia imenenepa. Akasalimu, akashukuru, akatania kidogo, watu wakacheka kwa adabu. "Haya, leo tunaanza na watoto wetu. Hoja ya kwanza, vijana. Nani anaitoa?"

Vichwa vikageuka. Mtu akacheka chinichini.

"Naona watoto wetu bado wamelala," alisema Mwenyekiti. "Katibu, andika..."

Kipaza sauti cha majaribio kilikuwa pale pale mkononi mwa fundi. Angeweza kukiwasha, aite jina tu, paa lingemwita msichana mpaka alipo. Lakini alijua kitakachofuata, alikwishakisikia mara nyingi: vijana wanaendeshwa na Mengineyo, hawana akili yao, ona sasa anawaita kama kuku. Hoja ingeuawa kwa kinywa chake. Tena Binti Kinyozi mwenyewe angekuwa wa kwanza kumchukia.

Mkono wake wa kushoto ulikwenda nyuma ya mtambo wenyewe, pale penye kifuniko kidogo cha kuzungusha. Ukazungusha. Fyuzi ikaangukia kiganjani, ya moto kidogo. Akaitia mfukoni.

Taa nyekundu ya mtambo ikafa. Sauti ya Mwenyekiti ikabaki ndogo, ya mzee, ya mtu anayezungumza chumbani kwake.

"Alo? Alo?" Akakigonga kipaza sauti. "Fundi, vipi?"

"Mtambo umekata, Mwenyekiti."

"Umekata nini?"

"Ndiyo ninaangalia."

Katibu akapendekeza waendelee kwa mdomo mtupu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema wapi, kanuni inasema nje wasikie, msije mkaleta tena ugomvi ule. Mwenyekiti naye, kwa sauti ile ndogo isiyomrudia, hakuwa na hamu ya kuendelea. "Fundi, haraka."

Akapiga magoti. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka palepale ulipokuwa. Akafungua skrubu kwa bisibisi, akazipanga juu ya leso, akazitazama kwa makini kama mtu anayesoma. Jasho lilimtoka, na halikuwa la uongo. Baba hakuwahi kukatikiwa na mtambo katikati ya kikao, hata mara moja, na ukumbi mzima ulikuwa na watu waliolijua hilo.

"Mitambo ya urithi hiyo," sauti moja ikasema.

"Na fundi wake wa urithi."

Wakavunjika mbavu. Akaendelea kufungua skrubu.

Alikuwa anasikiliza nje. Mtaa uliozoea kelele huisikia kelele inapokoma; hilo alilijua kwa kazi yake, kwamba watu hawageuki redio ikilia, wanageuka ikinyamaza. Mashine ya kinyozi ilinguruma, ikanguruma, kisha ikazimwa. Mtu akauliza kitu barabarani. Mwingine akajibu. Halafu nyayo, nyingi, zikija bila haraka, halafu kwa haraka.

"Kwani paa limekufa?" Binti Kinyozi aliingia na vijana wenziwe nyuma yake, nywele za mteja bado zimemganda kwenye mikono. "Tumekuja kuangalia, tusije tukapitwa na mengineyo." Akaiona ajenda pale mlangoni pa Katibu. Akasimama. Rangi ya uso wake ilibadilika, na fundi, magotini, akaona kwamba ameelewa nusu.

Akaitoa fyuzi mfukoni, akairudisha. Taa ikawaka.

"Moja, mbili," akasema. "Tayari, Mwenyekiti."

*

Binti Kinyozi alikishika kipaza sauti kwa mkono mmoja tu.

"Mwenyekiti, shikamoo. Kichwa chako nakinyoa mimi kila mwisho wa mwezi. Unalala kwenye kiti changu, unafumba macho, wembe uko shingoni. Unaniamini na wembe, huniamini na kura?"

Ukumbi ukalipuka. Hata nje, chini ya paa, watu walipiga makofi. Mwenyekiti mwenyewe alijishika shingo bila kujua, wakacheka zaidi.

Akaendelea. Alisema ushuru vijana wanalipa, ulinzi wa zamu vijana wanakesha, taka vijana wanazoa, na siku ya kuamua wanaambiwa wasubiri wakue. "Tukue mpaka wapi?" Halafu akageuka kidogo upande wa mitambo. "Na sisi si kama waliotutangulia. Sisi hatukuja kushukuru kwa kuwekwa mkiani. Kiti cha vijana kilikaliwa mpaka aliyekikalia akazeekea juu yake, na kura hakuileta. Leo hata vipaza sauti vyake vimechoka kumngoja."

Wakacheka tena, na safari hii wengi walimtazama fundi kuona atafanya uso gani. Hakufanya uso wowote. Sauti ya msichana ilikuwa imeanza kupanda juu na kuwa nyembamba, na nyembamba haifiki nje. Kwenye mtambo akaishusha ukali kidogo, akaiongezea uzito, ikajaa ukumbi mzima.

Ndipo Mwenyekiti alipovua miwani.

Akailaza mezani taratibu, vile vile. Fundi aliiona. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya swichi. Kilikuwa hapo tangu mwanzo, ndipo mahali pake. Mwenyekiti akakohoa. Akaiinua miwani, akailaza tena, sasa kwa kishindo. Kusema "kata" kwa mdomo hakuweza, paa lingelitangazia mtaa mzima. Akamkazia macho.

Fundi akajitia hamnazo. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama waya mmoja, waya mzima kabisa, akiufuata kwa macho kutoka sakafuni mpaka ukutani na kurudi, mpaka msichana alipomaliza sentensi yake ya mwisho na nukta yake.

Wakapiga kura kwa mikono. Katibu alihesabu, akafuta jasho, akahesabu upya. Ikapita kwa shida, lakini ikapita.

*

Baada ya kikao Mwenyekiti alikuja mwenyewe mpaka kwenye mitambo, miwani usoni. "Fundi, vifaa vyako vimechoka. Kikao kijacho tutamwita yule wa mtaa wa pili, mwenye mitambo mipya."

"Sawa, Mwenyekiti."

"Marehemu baba yako hakuwahi kunikatikia."

"Hakuwahi, Mwenyekiti."

Akamtazama kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza swali, akaona ni heri asilijue jibu. Akaenda zake.

Binti Kinyozi naye alikuja, anang'aa, anahema. "Shangazi, mbona mtambo ulikata leo, siku yetu? Bahati tulikuja kuchungulia. Ungetukosesha!"

"Fyuzi tu, mwanangu."

"Si ununue mpya?"

"Nitanunua."

Msichana akakwangua nywele zilizomganda mkononi. "Na yale niliyosema... usiyaweke moyoni. Yale ni ya jukwaani."

"Ulisema vizuri. Ila kipaza sauti ulikisogeza mno mdomoni. Achia nafasi ya kiganja."

"Kiganja?"

"Kimoja. Hivi."

Akamwonyesha. Msichana akapima kwa mkono wake, akatikisa kichwa kwa kukubali, na kwa muda mfupi ilikuwa kama atasema jambo. Lakini wenziwe walikuwa wanaita, wamejipanga mlangoni. "Shangazi, tupige picha basi!" Akamwekea simu mkononi akakimbilia kati yao. Fundi akarudi nyuma ili wote waingie. Akawapiga moja, akawapiga nyingine kwa sababu mmoja alifumba macho. Wakaishukuru simu, wakatoka kwa kelele, na kelele zikapinda kona.

Ukumbi ukabaki na yeye. Viti vilikuwa shaghalabaghala. Tangu aujue mtaa huo, vijana hawajawahi kuondoka bila kurudisha viti ukutani. Alivitazama akacheka peke yake, cheko fupi lililomshangaza mwenyewe. Hakuvipanga.

Alikunja waya kwa kiwiko na kiganja kama alivyofundishwa, mzunguko juu ya mzunguko, usije ukajisokota. Akaifunika spika. Kilibaki kipaza sauti kimoja. Akavuta kiti akaketi, akakishika kwa mikono miwili. Waya wa kwenda paani alikuwa ameshauchomoa, sauti isingesikika nje.

Kidole gumba kikasukuma swichi. Tak.

Akaacha nafasi ya kiganja.

"Baba," akasema, polepole sana, "nilikuwa sijamaliza."